Kiti cha mgeni rasmi si njia ya mkimbiaji

Tangu Januari 1, 2026 Mtanzania anayeomba viza ya Marekani anakutana na vizuizi vipya, kwa sababu nchi yetu iliingizwa kwenye orodha aliyoitangaza Rais Donald Trump Desemba 2025. Senegal na Ivory Coast, ambazo timu zao zimefuzu Kombe la Dunia la 2026 ambalo Marekani ni mwenyeji pamoja na Kanada na Mexico, nazo zimo. Wachezaji, makocha na wasaidizi wao wameachiwa mlango wazi, lakini shabiki wa Dakar mwenye ngoma yake hakuachiwa. Basi kadiri Juni 11, siku ya ufunguzi, inavyosogea, kwenye vijiwe vya hapa Dar es Salaam na kwenye simu zetu imerudi kauli ya kwamba viongozi wa Afrika wasusie. Wengine wanaijibu kwa kauli iliyozeeka zaidi, kwamba siasa na michezo visichanganywe. Nimesikiliza pande zote mbili kwa wiki kadhaa, na naona zinagombania neno moja huku kila upande ukiwa na jambo lake kichwani.

Kuna kususia kwa timu, ambako mwanamichezo anabaki nyumbani. Na kuna kususia kwa kiongozi: timu inakwenda na kucheza, ila rais na mawaziri wake hawaonekani jukwaani. Sisi tuliokulia Tanzania tukisikia kususia tunawaza kule kwa kwanza, maana ndiko kulikotugusa kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Kinachojadiliwa duniani miaka hii, kwa sehemu kubwa, ni kule kwa pili. Msimamo wangu ni kwamba kiongozi anayeamini kuwa mwenyeji anakanyaga haki za binadamu anaweza kukataa mwaliko, na kuna wakati anapaswa kuukataa, kwa sababu kiti kile ni cha kisiasa na ni chake kukitoa. Njia ya mkimbiaji uwanjani si yake. Ili aiguse hiyo anahitaji sababu nzito mno, na katika historia ninayoijua sababu ya uzito huo nimeiona katika vita moja tu, ya kupinga ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika.

Thamani ya kiti hicho Mtanzania hahitaji kufundishwa. Sisi ndio watu wa mgeni rasmi. Hata bonanza la mtaa, zawadi mbuzi na seti ya jezi, lina mgeni rasmi, na mpira hauanzi mpaka afike akague timu, jua lizame lisizame. Januari 4, Taifa Stars ilipocheza na Morocco kule Rabat kwenye hatua ya mtoano ya AFCON, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja Temeke, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao. Kila kamera ilipohamia jukwaa kuu, watu waliacha kubishana juu ya mpira wakaanza kuulizana yule ni nani na yule aliyekaa pembeni yake ni nani. Kijana mmoja wa bodaboda, bado amevaa kiakisi mwanga chake, akasema bila kugeuka: "Hao hawakuja kuangalia mpira." Sijasoma mchambuzi aliyelisema jambo hili vizuri zaidi. Mwenyeji anayemwalika rais mwenzake anataka picha, na picha hiyo inasema kwamba nchi yake inakubalika.

Sasa nirudi 1976, kwa sababu pande zote zinaitumia vibaya. Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola jijini Christchurch, New Zealand, mkimbiaji wetu Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1500 mwanzo mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alimfuata, naye akiwa ndani ya rekodi ya zamani. Wapenzi wa riadha dunia nzima wakawa wanasubiri marudiano yao Montreal. Hayakuwepo. Juni 16, 1976 polisi wa makaburu waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto, na majira hayohayo timu ya raga ya New Zealand ikaenda kufanya ziara Afrika Kusini, nchi iliyokuwa ikipanga hata michezo yake kwa rangi ya ngozi. Nchi za Afrika zikaitaka Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iiondoe New Zealand. Kamati ikakataa, hoja yake ikiwa kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Tanzania na nchi nyingine zaidi ya 20, karibu zote za Afrika, hazikushiriki. Nyingine zilikuwa zimeshafika Montreal, wanamichezo wao wakafungasha mabegi. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda aliokimbia Bayi Christchurch. Ni kweli fainali huwa za kuviziana, na Bayi alikuwa ameugua malaria kabla ya michezo ile, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba medali ilikuwa yake. Nafasi ndiyo iliyokuwa yake. Iliondolewa na uamuzi ambao hakuufanya yeye.

Kuna mzee jirani yetu Magomeni, mwalimu mstaafu aliyefundisha riadha mashuleni. Nilipomuuliza kuhusu mwaka ule alikaa kimya kwanza, akisugua kikombe cha kahawa kwa kidole gumba. Kisha akaniambia kwamba siku ya fainali ya mita 1500 aliizima redio, akaenda kulima bustani mpaka giza likaingia. Hakuwa na kinyongo na serikali. "Tulikubali," alisema. "Iliuma, lakini tulikubali."

Neno hilo la kukubali ndilo ninalolishika, kwa sababu halikutoka hewani. Kwanza, uovu wenyewe ulikuwa ndani ya michezo. Mwafrika wa Afrika Kusini hakuruhusiwa kuvaa jezi ya nchi yake, kwa hiyo kuinyima nchi hiyo michezo kulikuwa ni kugusa kidonda penyewe. Pili, waliodai kususia walikuwa waathirika wenyewe. Akina Dennis Brutus, wanamichezo na wanaharakati waliofukuzwa kwao, ndio waliozunguka dunia wakiomba Afrika Kusini itengwe, na wapigania uhuru waliokuwa wakiishi hapa kwetu, jiji hili likiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, walitaka hivyohivyo. Tatu, na hili husahauliwa sana, serikali iliyomwambia Bayi abaki nyumbani ilikuwa imeshalipa gharama yake yenyewe kabla ya kumtuma kijana alipe. Desemba 1965 Mwalimu Nyerere alivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kushindwa kwake kuwazuia walowezi wachache waliojitwalia utawala Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Nchi maskini ilipoteza fedha kwanza, medali baadaye. Kwa hiyo wanaosema 1976 ilikuwa hasara tupu wanakosea. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Madola ilifikia Makubaliano ya Gleneagles ya kukatisha uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini. New Zealand bado iliwakaribisha makaburu mwaka 1981, ila safari hiyo maelfu ya watu wake wenyewe walijaa barabarani kupinga. Lakini wanaosema 1976 inatupa kibali cha kuitoa timu kila tunapokasirika nao wanakosea, tena vibaya zaidi. Masharti matatu yale yalikutana kwa pamoja, na hayakutani mara kwa mara.

Ushahidi wake ulifika hapahapa jijini miaka minne tu baadaye. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alimtuma Muhammad Ali Afrika kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, kwa sababu jeshi la Kisovieti lilikuwa limeingia Afghanistan. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Nyerere alikataa kumpokea, na waandishi wakamuuliza Ali ilikuwaje Marekani haikuiunga mkono Afrika mwaka 1976. Tanzania ikaenda Moscow. Bayi akapata medali ya fedha kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata ya fedha kwenye mita 5000. Mpaka leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki nchi yetu iliyowahi kupata. Jirani zetu Wakenya walisusia. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, alikosa Montreal kwa kususia na Moscow kwa kususia, na alifariki mwaka 2024 bila kuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Wasovieti waliondoka Afghanistan Februari 1989, kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na mbio za Moscow. Nikiliangalia jina la Rono siwezi kukubali kwamba mtu huyo alitumika kwa haki. Afghanistan haikupata chochote kwa miguu yake kukaa bure.

Tukiliacha suala la timu tukabaki na la viongozi, hoja ya kwanza inayopingana nami ni ile ya kutochanganya siasa na michezo, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ingekuwa na nguvu kama viongozi wangekuwa wanakaa mbali na viwanja siku nyingine zote. Hawakai. Tangu 2023 Rais Samia Suluhu Hassan amekuwa akitoa shilingi milioni 5 na zaidi kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF, nasi tumeliita Goli la Mama na kulishangilia. Sisemi ni kosa. Ninachosema ni kwamba kiongozi akiwepo ni siasa, na asipokuwepo ni siasa pia. Juni 1978 Jenerali Jorge Videla aliwakabidhi Argentina Kombe la Dunia kwenye uwanja wa Monumental, Buenos Aires. Umbali mfupi kutoka hapo ilikuwepo ESMA, shule ya jeshi la majini iliyogeuzwa gereza la siri ambako maelfu waliteswa, na waliotoka hai wamesimulia jinsi walivyozisikia kelele za mashabiki wakiwa wamefungwa. Kila mgeni rasmi aliyekaa jukwaani siku ile alikuwa ametoa kauli, hata kama hakufungua mdomo. Na Februari 4, 2022, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya majira ya baridi Beijing, Vladimir Putin na Xi Jinping walitangaza urafiki usio na mipaka. Siku 20 baadaye Urusi ikaivamia Ukraine. Anayedai jukwaa kuu ni mahali pa michezo tu hajaliangalia vizuri.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kususia kwa viongozi hakubadilishi kitu. Marekani, Uingereza, Kanada na Australia hazikutuma viongozi Beijing mwaka 2022 kwa ajili ya mateso ya Wauighuri, Waislamu wa jimbo la Xinjiang nchini China, na hali ya Xinjiang haikubadilika kwa sababu hiyo. Mwaka 2012 viongozi kadhaa wa Ulaya waliikwepa Ukraine wakati wa Kombe la Ulaya kwa sababu ya kufungwa kwa waziri mkuu wake wa zamani, Yulia Tymoshenko, naye akabaki ndani hadi Februari 2014, pale serikali iliyomfunga ilipoanguka. Wanaopinga wanaongeza mfano wa Qatar, mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2022: yaliyobadilika kule, kama sheria ya 2020 iliyomwezesha mfanyakazi kuhama kazi bila ruhusa ya mwajiri na kuweka kima cha chini cha mshahara cha riyal 1,000, yaliletwa na miaka ya kelele za vyama vya wafanyakazi na waandishi, pamoja na ofisi ya Shirika la Kazi Duniani iliyofunguliwa Doha mwaka 2018. Nakubaliana nao, ingawa utekelezaji wa sheria zile umelalamikiwa sana, na Waafrika Mashariki waliofanya ulinzi kule wanajua. Ila tofauti iliyopo ni hii: Qatar iliambiwa jambo mahususi la kufanya. Beijing mwaka 2022 viti vilibaki vitupu bila dai linaloweza kutekelezwa, na meli za makontena ziliendelea kupishana baharini kama kawaida. Kiongozi aliyeacha sherehe ya saa mbili na kubaki na biashara yote hajatoa kitu. Udhaifu huo ni wa namna walivyosusia, na unarekebishika.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya unafiki. Nani msafi kiasi cha kumsusia mwenzake? Tuliisikia kwa nguvu mwaka jana. Februari 2025 Bunge la Ulaya lilitaka mashindano ya dunia ya baiskeli yahamishwe kutoka Kigali iwapo Rwanda haitabadili mwenendo wake mashariki mwa Kongo. Watu wengi wa kanda hii, hata wasiomkubali Rais Paul Kagame, walikasirika. Walisema haya ni mashindano ya kwanza ya aina yake kuja Afrika, na ghafla haki za binadamu zimekumbukwa. Mashindano yalifanyika Septemba, na nilifurahi kuona barabara za Kigali zimejaa watoto. Lakini hasira yetu ilituficha jambo moja. Kabla ya wabunge wa Ulaya kupiga kura ile, Kongo yenyewe, kupitia waziri wake wa mambo ya nje Thérèse Kayikwamba Wagner, ilikuwa imeshaziandikia klabu kama Arsenal na Bayern Munich kuzitaka ziache kuitangaza Rwanda kwenye jezi na viwanja vyao. Aliyeumia alikuwa amesema. Unafiki wa Mzungu anayelidaka neno hilo baadaye ni kweli upo, ila haumnyang'anyi Mkongo wa Goma malalamiko yake. Ndiyo maana kwangu swali la kwanza juu ya kususia kokote ni kama waliokanyagwa wenyewe wameomba. Usafi wa anayesusia unakuja baada ya hapo.

Na hapa lazima tujiangalie. Oktoba 29, 2025 tulifanya uchaguzi ambao waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walisema haukufikia viwango. Intaneti ilizimwa, jiji hili likawekewa amri ya kutotoka nje, watu waliuawa kwa idadi inayobishaniwa mpaka sasa, na serikali ikaunda tume ya kuchunguza. Mwaka 2027 AFCON inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, kwetu ikiwa mara ya kwanza tangu mashindano hayo yaanzishwe. Tuseme kiongozi wa nchi fulani atasema timu yake itakuja, lakini yeye hatakaa jukwaa kuu pale Mkapa mpaka familia za waliouawa zipate majibu. Naweza kuyasikia majibu yetu kuanzia sasa: beberu, kibaraka, anatuonea wivu. Mkuki kwa nguruwe. Mwaka 1976 tuliiambia New Zealand kwamba hakuna mchezo unaofuta damu ya watoto wa Soweto, na tulikuwa sahihi. Hatuwezi leo kudai kwamba neno lile lilikuwa la kusini mwa Limpopo peke yake. Kiongozi wa namna hiyo apimwe kwa vipimo vilevile vilivyotufaa sisi: Watanzania gani wamemwomba, anadai nini hasa, na mbali na safari ya siku mbili, yeye mwenyewe anatoa nini.

Ila nitapinga kwa nguvu zangu zote wazo la mashindano yenyewe kuhamishwa au timu kuzuiwa. Hapo tunarudi kwa Rono. Atakayeumia ni kijana wa akademi ya Mbagala atakayekosa kuona soka la bara zima umbali wa nauli ya daladala, na mama lishe wa nje ya uwanja aliyekwishaanza kuhesabu masufuria. Mtu aliyetoa amri Oktoba hataumia chochote.

Kanuni za michezo nazo zimebadilika tangu 1976. Mkataba wa Olimpiki unazilazimu kamati za nchi kupeleka wanamichezo, na FIFA huifungia nchi ambayo serikali yake imeingilia shirikisho, kama ilivyowafungia Wakenya kwa miezi kadhaa mwaka 2022. Waziri anayetaka kuitoa timu leo anaweza kuua soka la nchi yake kwa msimu mzima. Kilichobaki mikononi mwa wanasiasa ni kiti chao, na wengi wao wanakipenda mno kiasi cha kutothubutu kukiacha. Viongozi wa Senegal na Ivory Coast wanayo nafasi nzuri mwezi Juni. Viza si haki ya binadamu kisheria, najua, na kila nchi ina mamlaka juu ya mipaka yake. Lakini kuwafungia watu wa taifa zima kwa sababu ya pasipoti, ukiwa umewaalika wachezaji wao wakujazie uwanja, ni dharau, na mashabiki wa nchi hizo wanaililia. Rais atakayesema "nitakaa jukwaani siku mashabiki wangu watakapokaa nyuma ya goli" atakuwa na dai moja linaloeleweka, lililotoka kwa watu wake, na gharama itakuwa juu yake.

Sisi hatuna timu kule, kwa hiyo tunachoweza kufanya ni maandalizi ya hapa nyumbani. Bunge lipitishe sheria inayosema wazi kwamba uamuzi wa timu kwenda au kutokwenda ni wa TFF, Kamati ya Olimpiki Tanzania na wanamichezo wenyewe, na kwamba serikali inaamua juu ya ujumbe wake tu. Wizara ya Mambo ya Nje nayo ianze kuandika majibu ya hoja kwa ajili ya mwakani, yenye majina na tarehe, kwa wakuu wa nchi watakaoukataa mwaliko wetu. Majibu hayo yatumwe kwa njia ya kibalozi kama barua nyingine. Na timu ya nchi hiyo itakapotua uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, ipokelewe kwa ngoma ileile watakayopigiwa wengine.